Aliyeshika, Aliyeachia na Aliyesukuma

Mikanda! Mmefunga? Basi ibaneni sawasawa, maana hadithi hii ina kupanda na kushuka, na sitaki mtu aniangukie juu ya cherehani.

Nyinyi mnaosubiri nguo zenu mtasubiri. Na wewe uliyeniuliza kwa nini gauni la Koku nimelitia vibanio vya kubonyeza badala ya vifungo, kaa hapo kwenye stuli, leo utajibiwa. Ila nami nina swali langu mwishoni. Wapo watu humu ambao jibu huwa mdomoni kabla swali halijatoka, nawajua kwa majina. Hao leo waliweke jibu chini ya ulimi mpaka nimalize.

Palikuwa na watu watatu waliofanya kazi katika ndege moja, ya kampuni iitwayo Kozi, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Wa kwanza ni Kokushubila, mhudumu wa abiria, huyu huyu Koku wetu. Kipaji chake kilikuwa kushika. Mnavyomwona ni mwembamba, upepo ukivuma unamwonea huruma, lakini amekulia Bukoba kwa baba mfugaji, na kazi yake tangu utoto ilikuwa kushika kamba ya fahali wakati wa chanjo. Fahali aliruka, akapiga mateke, wanaume wakaparamia ua, na Koku akaburutwa naye boma zima mpaka fahali mwenyewe akachoka. Akishika kitu, haachii.

Wa pili ni Kapteni Ambakisye Mwaisela, rubani mkuu, mtu wa Tukuyu, mwenye mvi kichwa kizima. Kipaji chake kilikuwa kuachia, na msicheke. Mmewahi kumwona mkubwa wa kazi anayejua kuachia? Mama aliyenifundisha kushona hakuniachia mkasi wake mpaka siku alipolazwa hospitali. Basi jueni kwamba ndani ya ndege mna sukani mbili, mmoja mbele ya kila rubani, na zimeunganishwa, huu ukisogea na ule unasogea. Marubani wawili wakianza kuvutana, ndege haimsikii yeyote. Ndiyo maana wana desturi yao. Anayetaka kuendesha husema, "Nimechukua." Mwenzake hujibu, "Chukua," na papo hapo huondoa mikono, hata kama ni mkubwa, hata kama hakubaliani. Wakubwa wengi huitamka desturi hiyo kwa mdomo tu huku vidole vimebaki kwenye usukani. Ambakisye aliifuata kwa dhati, na ndivyo alivyowafundisha vijana wake.

Wa tatu ni Zawena Shekibaha, rubani msaidizi, binti wa Lushoto, mwanafunzi wa Kapteni huyo huyo. Kipaji chake kilikuwa kusukuma. Hapa nisikilizeni, maana usipoelewa hapa hutaelewa kitu. Ndege huelea kwa sababu ya mwendo. Pua ikiinuka mno, mwendo unakwisha, mabawa yanakosa upepo, ndege inaanguka. Ukianguka, mwili mzima unakuambia vuta, vuta, uiinue pua uepuke ardhi. Ukivuta, umewamaliza watu. Dawa yake ni kusukuma pua chini, huko huko unakoogopa, uiache ndege ishuke mpaka mwendo urudi, kisha uyanyooshe mabawa, kisha ndipo uvute, tena polepole. Marubani hujifunza hilo kwenye chumba kinachotikiswa kama ndege, na humo wengi hutoka wamevuta, jasho linawatiririka. Zawena hakuwahi kuvuta hata mara moja. Aliamini saa zilizo mbele yake, zile zinazoonyesha mwendo na kimo cha ndege, kuliko tumbo lake.

Sasa abiria. Walikuwa wengi, lakini nawapa wawili tu. Lusangija alikuwa mwalimu wa shule ya msingi nje kidogo ya Shinyanga. Nyamizi alikuwa mkewe, mjamzito, na mimba zake mbili za mwanzo zilikuwa zimeharibika. Hii ya tatu ilipoanza kumsumbua, daktari wa Mwanza akawaambia waende Dar es Salaam mapema, wasisubiri. Mama yake Lusangija, Bibi Nchambi, aliuza mbuzi wake wote ili mkwewe asitikiswe na basi. Akasema apande ndege, njia ya ndege haina mashimo.

Na ukoo wa Lusangija una desturi yake. Mtoto aliyenusurika kufa akiwa tumboni hupewa jina la mtu aliyemwokoa. Mtu huyo huwa somo wake. Somo ndiye anayembeba mtoto kumtoa nje ya mlango kwa mara ya kwanza, na baba asipokuwepo, somo husimama mahali pa baba mpaka siku ya harusi. Somo awe mwanamume au mwanamke, hilo halina shida. Lakini huwa mmoja, na awe hai. Jina la mtoto huyo ndilo tunalolitafuta leo, lishikeni.

Amebaki mmoja, na huyo sitamwita mwenye kipaji. Ni Fundi Sefania, fundi wa ndege wa kampuni hiyo hiyo, pande la mtu. Wakati fulani Kapteni Ambakisye alimkuta amelewa chini ya bawa la ndege aliyotakiwa kuikagua, akakataa kuiendesha, akaripoti. Kesi ikazunguka ofisini weee, na asubuhi ya safari hii Sefania akaambiwa leseni yake imefutwa. Kapteni alijua aliripoti. Hakujua kwamba leo ndiyo leo. Sefania akamfuata chini ya ngazi, amevaa sare, amenyoa ndevu, akamwomba kiti cha mgeni.

Kiti cha mgeni ni kile kidogo kilicho nyuma ya marubani, ndani ya chumba chao. Mwenzao wa kazi akikosa nafasi kwa abiria, hupewa kile, na hakuna anayemnyima mwenzake, maana kumnyima ni kumvunjia heshima mbele ya vijana. Ambakisye alikuwa bado anaona haya kwa kumchongea mtu waliyefanya naye kazi miaka mingi. Moyo ukamlainika, akaona amepata njia ya kupatana. Akamwambia, "Karibu, Fundi, twende nyumbani." Kwa mkono wake mwenyewe alimfungulia mlango.

Mmemaliza kuguna? Tuendelee.

Walipofika juu kabisa, wakiikaribia Dodoma, taa za mikanda zilikuwa zimezimwa na watu wanatembea. Nyamizi akashikwa na kichefuchefu na kiu. Lusangija akamwita Koku. Koku alikuwa amebeba sinia la chai ya marubani, birika limejaa, akamwambia kwa upole akajichukulie maji mwenyewe kule nyuma, yeye akirudi atamwangalia mama. Lusangija akamweka mkewe vizuri, akambana mkanda chini ya tumbo, mahali panapotakiwa, akaenda nyuma. Koku hajalisahau neno hilo hadi leo. Akiwa amesimama hapo ulipo wewe ninampima kiuno, hulirudia.

Koku akagonga mlango wa marubani, Zawena akamfungulia. Akampa Zawena kikombe chake. Alipogeuka kumpa Kapteni, Sefania alikuwa amesimama na shoka mkononi, lile jekundu linalofungwa ukutani humo kwa ajili ya moto.

Pigo la kwanza lilimpata Kapteni juu ya jicho la kushoto. Koku anasema lilitoa mlio wa nazi inayopasuliwa, na hajanunua nazi tena. Pigo la pili lilitua begani, mfupa ukaonekana. Kapteni akalala upande, damu ikachuruzika kwenye saa za ndege. Hapo Sefania akamwegemea kwa kifua, akaushika usukani wa Kapteni kwa mkono mmoja, akauvuta kwa uzito wake wote. Hakutukana, hakudai kitu. Alitaka wafe wote, basi.

Pua ikainuka. Kule nyuma toroli la vyakula likakatika breki na kuserereka, likamgonga bibi mmoja magoti. Vikombe vikaruka. Lusangija akabamizwa kwenye ukuta wa nyuma na maji yake mkononi. Watu wakaanza kupiga kelele, kila mtu kwa Mungu wake. Mbele, kengele zikalia, kisha usukani ukaanza kutetemeka, ndiyo namna ndege inavyomwambia rubani kwamba mwendo umekwisha. Zawena alikuwa anasukuma kwa mikono yote miwili, meno ameyauma, lakini anapambana na mwanamume mzima aliyeuninginia usukani wa pili. Hakumweza.

Koku akammwagia Sefania birika zima la chai ya moto usoni. Ngozi ya shavu ikavimba papo hapo, jitu likanguruma, lakini halikuachia. Basi Koku akamrukia mgongoni, akamkaba shingo, akakanyaga kiti cha Kapteni kwa mguu, akavuta. Sefania akalizungusha shoka nyuma ya kichwa chake bila kuangalia. Shoka likapita kwenye mkono wa kushoto wa Koku, likaondoka na vidole viwili. Anasema aliviona sakafuni karibu na sukari iliyomwagika, akavitambua kwa rangi ya kucha. Nilimuuliza kama hofu ilimfanya asisikie maumivu. Akaniambia, "Dada, niliyasikia yote." Lakini hakulegeza. Sefania akamng'ata mkono, akampiga usoni kwa kisogo, pua ya Koku ikavunjika, naye akazidi kubana na kuvuta, mpaka pumzi zikamwisha yule mwanamume, vidole vikateleza kwenye usukani, wakaanguka wote wawili nyuma, mlangoni. Koku akamzungushia miguu kiunoni akabaki amemkaba hivyo hivyo sakafuni.

Huyo ndiye aliyeshika. Asingeshika, usukani ungebaki kifuani mwa Sefania mpaka chini.

Mnadhani imekwisha? Ndege ilikuwa imeshakosa mwendo. Bawa la kushoto likaporomoka kwanza, pua ikafuata, dunia ikalala upande. Na kule kuporomoka kukamzindua Kapteni. Jicho moja limekwisha, la pili limejaa damu, haoni saa, haoni mwenzake, haoni mbingu. Anachokijua ni kwamba wanaanguka. Mikono yake ikautafuta usukani yenyewe, ikaupata, ikavuta.

Ndiyo, alivuta. Mwalimu wa wenzake. Mwili ulimshinda kwa sababu macho hayakuwepo kuukanya. Basi Zawena anasukuma, Kapteni anavuta, na ndege katikati yao inaendelea kuanguka kama gunia. Kapteni ana mikono mizito, na ana amri.

Zawena hakumpigia kelele. Alisema kama walivyofundishana darasani.

"Nimechukua."

Ambakisye alikuwa anasikia Koku akihema nyuma yake. Alijua taa za mikanda zimezimwa. Alijua pua ikisukumwa kwa nguvu, kila asiyefungwa atarushwa darini.

"Zawena, kuna watu wamesimama."

"Najua, Kapteni. Nimechukua."

Sasa wewe unayesema kuachia si kazi, jiweke pale. Huoni. Kila kiungo chako kinakuapia kwamba msichana huyu anawapeleka watu ardhini, na nguvu za kumzuia unazo mkononi. Uthibitisho huna, una sauti yake tu, sauti ya mtoto uliyemfundisha mwenyewe. Ambakisye akasema, "Chukua," akainua mikono yote miwili, ule wa bega lililopasuka nao, akaikumbatia kifuani ili isirudi yenyewe kwenye usukani.

Huyo ndiye aliyeachia. Asingeachia, wangevutana mpaka wakute ardhi.

Zawena akasukuma. Kioo cha mbele kikajaa nyika, vichaka, barabara nyekundu. Sukari ikaelea. Kikombe kikaelea. Matone ya damu ya Kapteni yakapita mbele ya macho yake, naye anatazama saa. Nyuma yake Koku na Sefania walinyanyuliwa wakiwa wamekabana, wakabamizwa darini, na mgongo wa Koku ndio uliotangulia. Tumbo la Zawena lilimlilia avute. Akasukuma zaidi.

Lusangija alikuwa ameitupa chupa ya maji na alikuwa anatambaa kumrudia mkewe. Aliishika mikono ya viti, safu hadi safu, na alikuwa amebakiza safu moja. Nyamizi aligeuza shingo, akamwona akija. Zawena aliposukuma, Lusangija akaondoka sakafuni, akaenda darini kwa kichwa, yeye na wengine waliokuwa wamesimama. Wengine walivunjika mikono, mbavu, meno.

Mwendo ukarudi. Zawena akayanyoosha mabawa, na hapo tu ndipo alipovuta, kidogo kidogo, maana ukivuta kwa pupa mabawa yanang'oka. Pua ikapanda, ardhi ikarudi chini mahali pake. Na wote waliokuwa darini wakaanguka. Lusangija aliangukia shingo kwenye mgongo wa kiti. Nyamizi alisikia mfupa. Akamwona amelala njiani, macho yanamwangalia na hayamwoni. Akanyoosha mikono kumgusa, haikumfikia, kwa sababu mkanda ulimzuia. Mkanda aliomfunga mumewe.

Huyo ndiye aliyesukuma. Asingesukuma, pasingekuwa na mtu wa kuzika wala wa kuzikwa.

Ngoja nifute macho, uzi siuoni.

Walitua Dodoma. Abiria wanne walikuwa wamemkalia Sefania, wamemfunga kwa mikanda ya suruali zao. Yuko gerezani, mbavu alizovunjika siku ile zimepona, hadithi haina haja naye tena. Ambakisye alitolewa jicho. Koku alitolewa akiwa amebebwa kwenye ubao, vidole vyake mtu kavifunga kwenye kitambaa, havikuungika. Zawena hakuchubuka hata ukucha. Walipofungua mlango walimkuta ameketi wima, mikono kwenye usukani, ikabidi aambiwe kwamba injini zimeshazimwa.

Na jioni hiyo hiyo, hospitalini, kabla ya wakati wake, Nyamizi alijifungua mtoto wa kike. Mdogo, anajaa kwenye kanga iliyokunjwa mara nne. Mzima.

Lusangija akazikwa kwao. Matanga yakaisha. Mtoto akaingizwa nyumbani kwa Bibi Nchambi amefunikwa gubigubi, na tangu siku hiyo hajatolewa nje ya mlango, kwa sababu hana jina.

Wa kumpa jina ni nani? Watu hawakukaa kimya, mnatujua. Abiria waliokuwa viti vya mbele, walioona kupitia mlango uliobaki wazi, walisema Koku. Walisema vile vidole havikuondoka bure, na kwamba asiyemtaja Koku ana roho ya jiwe. Marubani walisema Zawena, wakaeleza kwa mikono namna ndege ilivyoanguka, wakasema wengi wao wangevuta, na aliyesema hivyo kwa sauti kubwa zaidi alikuwa na vyeo vingi begani. Lakini wazee wachache wa kazi hiyo, waliokwisha kustaafu, walitikisa vichwa wakasema Ambakisye. Wakasema kushika kunafundishika na kusukuma kunafundishika, ila mwenye amri kuondoa mikono yake huku anaamini anakufa, hilo wao hawakuwahi kuliona. Kampuni ikawapa wote watatu vyeti vya kufanana, ikajiona imemaliza kazi. Vyeti! Cheti kitamtoa mtoto mlangoni?

Bibi Nchambi akawaita wote watatu nyumbani kwake. Wakafika, Ambakisye amefunikwa jicho kwa kitambaa cheupe, Koku anatembelea mkongojo, Zawena nyuma yao, hakutaka kuketi mpaka Bibi alipomwonyesha kigoda kwa kidole. Wakapewa uji. Bibi akawaacha wanywe mpaka mwisho, hakuuliza habari za safari wala za majeraha. Kisha akauliza swali moja.

"Nani alimuua mwanangu?"

Walitazamia mengine. Lakini hawakusita hata kidogo.

"Ni mimi, mama," Koku akasema. "Nilimwambia akajichukulie maji mwenyewe. Nilikuwa na sinia la chai."

"Ni mimi, mama," Ambakisye akasema. "Yule mtu nilimkaribisha mimi, nikamfungulia mlango. Tena nilijua watu wamesimama, nikaachia."

Zawena alipiga magoti. "Ni mimi, mama. Niliambiwa wamesimama, nikasema najua, nikasukuma."

Bibi Nchambi akawaangalia mmoja mmoja. Hakulia, alikuwa ameshalia yake. Mle chumbani kitoto kikaanza kulia, sauti ya paka.

"Haya," akasema. "Na nani alimwokoa mjukuu wangu?"

Koku aliuficha mkono wake kwenye mkunjo wa kanga. Ambakisye aligeuza uso kwa upande wa jicho lisiloona. Zawena alibaki pale pale chini. Bibi akangoja, uji uliobaki kwenye sufuria ukapoa, akangoja tena.

"Sikuwaita kuwahukumu," akasema mwishowe. "Mwanangu nimeshamzika. Nimewaita kwa sababu huyu aliyemo ndani hajaliona jua, na jina ni zawadi, siwezi kuwapa watu watatu wanaoniletea majuto matupu. Rudini Ijumaa. Nyamizi ndiye atakayechagua."

Nyamizi alikuwa amesimama kwenye kizingiti, ndani, na mtoto kifuani. Alikuwa amesikia yote.

Ndipo Koku akaja kwangu na kitambaa hiki. Akaniambia nishone mikono mipana, ili mtu aweze kubeba mtoto bila kubanwa kwapani, na nitie vibanio vya kubonyeza, maana vifungo hawezi tena kuvifunga kwa mkono ule. Nikamuuliza kama ana uhakika atachaguliwa. Akasema hana. Akasema Nyamizi akimchagua mwingine, atalivaa hivyo hivyo, asimame nyuma, atazame mtoto akitoka.

Leo ni Alhamisi. Hili ndilo pindo la mwisho.

Haya, fungueni mikanda, lakini asinyanyuke mtu. Na mniepushie majibu ya uvivu. Msiniambie wote watatu, somo ni mmoja, na mwanamke aliyepoteza mimba mbili na mume hatacheza na desturi kwa kuwahurumia nyinyi. Msiniambie jina la Lusangija kwa sababu alifunga mkanda, hilo hata mimi limeniuma, lakini somo lazima awe hai, ndiye baba atakayebaki. Na msiniambie asiyekuwa na kosa, maana mmewasikia kwa vinywa vyao.

Kesho mlango utafunguliwa. Nje watakuwa wamesimama watatu. Mmoja ana mkono wenye vidole vitatu. Mmoja ana jicho moja. Mmoja ana mikono mizima, ile ile iliyosukuma. Nyamizi atanyoosha mikono yenye mtoto, na atakayempokea atamvukisha kizingiti, atamwonyesha jua, na jina lake litaitwa.

Wewe ungekuwa Nyamizi, ungemweka mikononi mwa nani?